Uzi: Mark Drakeford na kodi za Wales. Mtetezi wa kodi, mbona kodi ya mapato hakuigusa?

Mizani_ya_Hazina (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila bajeti inapojadiliwa kule Cardiff, mji mkuu wa Wales, swali ni lilelile. Mark Drakeford aliingia Bunge la Wales, yaani Senedd, mwaka 2011 kwa jimbo la Cardiff Magharibi. Kabla ya hapo alikuwa profesa wa sera za jamii, na tangu hapo hajawahi kuona haya kusema kwamba huduma nzuri kwa watu wote hulipiwa kwa kodi. Amekuwa Waziri wa Fedha 2016 hadi 2018, Waziri wa Kwanza (kiongozi wa serikali ya Wales) kuanzia Desemba 2018 hadi Machi 2024, kisha akarudishwa Fedha Septemba 2024. Nafasi hakuikosa. Mbona basi kodi ya mapato hakuipandisha hata peni moja?

Wa kushoto wanasema ni woga. Wa kulia wanasema alijua watu wangemkimbia. Mimi naona wote wawili wanasikiliza hotuba tu, mtambo wenyewe hawajaufungua. Ngoja tuufungue.

Mkazi wa Wales anayelipa kodi ya mapato hulipa sehemu mbili. London inapunguza peni 10 kwa kila pauni katika kila daraja: 20 inabaki 10, 40 inabaki 30, 45 inabaki 35. Senedd nayo inaweka kiwango chake juu ya hapo. Tangu mfumo uanze Aprili 2019 imeweka 10 katika madaraja yote, kwa hiyo mlipakodi wa Swansea (Wales) na wa Bristol (England) wanatoka sawa.

Sasa angalia ambacho Senedd haina. Haigusi kiasi kisichotozwa (pauni 12,570). Haigusi upana wa daraja la kwanza (pauni 37,700 zinazofuata). Haiwezi kuongeza daraja jipya katikati. Riba za akiba na gawio la hisa havimo kabisa. Uskoti wana madaraja sita na wanayapanga watakavyo. Wales wana vitufe vitatu tu.

Bonyeza kitufe cha kwanza, peni 1 kwenye daraja la kwanza. Mtu wa mshahara wa pauni 30,000 analipa 17,430 × 1%, yaani pauni 174.30 zaidi kwa mwaka. Mtu wa 60,000 analipa pauni 377 kwa sehemu yake ya daraja hilo. Serikali inapata zaidi ya pauni milioni 200.

Acha hicho, bonyeza cha pili peke yake. Wa 30,000 halipi kitu. Wa 60,000 analipa 9,730 × 1%, pauni 97.30. Pato la serikali linashuka hadi makumi ya mamilioni, kwa sababu Wales ina watu wachache waliovuka pauni 50,270. Cha tatu, cha wenye mishahara minono, ni milioni za kuhesabu kwa vidole.

Kwa hiyo chaguo alilokuwa nalo halikuwa "watoze matajiri". Lilikuwa mtoze karani na mhudumu wa wodi upate fedha za maana, au mtoze meneja upate fedha za chai.

---

BiKarani

Umeanza vizuri ila umeacha kipande kinachouma zaidi. Hizo peni 10 hazikuja kama zawadi. Ruzuku kuu kutoka London ilikatwa kwa kiasi kilekile.

Mkato huo ukishawekwa hautulii. Kila mwaka unakua kwa kufuata ukuaji wa mapato ya daraja hilohilo Uingereza (yaani England) na Ireland Kaskazini. Mapato ya Wales yakikua kwa kasi ileile, hakuna aliyepata wala aliyekosa. Yakikua polepole, tofauti inabebwa na hospitali na shule za Wales. Yakikua haraka, faida ni yao.

Hapo ndipo Drakeford alifanya kazi isiyoonekana kwenye runinga. Makubaliano ya kifedha ya Desemba 2016 aliyatia saini yeye na David Gauke wa Hazina ya London. Ndani yake mkato unahesabiwa kwa kila daraja peke yake. Kwa nini ni muhimu? Chukulia mwaka ambao mishahara ya mabenki ya London inaruka. Mapato ya daraja la juu Uingereza yanapaa. Kama mkato ungehesabiwa kwa jumla, Wales ingekatwa kana kwamba nayo ina mabenki. Kwa kuwa unahesabiwa daraja kwa daraja, mruko ule unagusa tu kipande kidogo cha daraja la tatu la Wales. Uskoti hesabu yao ni ya jumla, na wanaijua shubiri yake.

---

Tofali

Swali la haraka. Mapato hayo yanajulikana lini? Bajeti inapangwa mwanzoni mwa mwaka wakati watu hata mishahara hawajalipwa.

---

BiKarani

Makadirio hutolewa na ofisi huru ya Uingereza inayotabiri uchumi na bajeti za serikali. Bajeti inapangwa kwa makadirio hayo, na Wales inalipwa kwa makadirio hayo. Hesabu halisi hutoka kama miezi 15 baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kwa kuwa wanaojaza fomu wenyewe wana hadi Januari. Tofauti inaingizwa kwenye bajeti inayofuata hapo. Mfano: mapato halisi ya 2021-22 yalitangazwa Julai 2023, marekebisho yakaingia bajeti ya 2024-25. Miaka mitatu nyuma.

Ukisikia mbunge anasema "mwaka huu kodi ya mapato imetuletea fedha za ziada", muulize: ni makadirio ya mwaka huu, au ni masahihisho ya miaka mitatu iliyopita?

---

NgaziTatu

Kabla hatujaendelea, kuna jambo la vitendo ambalo watu walioko Wales wanalikosea. Kinachoangaliwa ni unapoishi, kazi iko wapi haijalishi. Anayelala Wrexham, upande wa Wales, na kufanya kazi Chester, upande wa Uingereza, ni mlipakodi wa Wales. Anayelala Chester na kuvuka kwenda kiwandani Broughton si wa Wales, ingawa kiwanda kiko Wales. Mwenye nyumba mbili anahesabiwa kwa ile iliyo makazi yake makuu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Alama yake ni herufi C mbele ya nambari ya kodi kwenye hati ya mshahara. C ni ya Cymru, jina la nchi kwa Kiwelshi. Nambari ya kawaida ni C1257L. Ukiona 1257L bila C na uko Wales, mamlaka ya mapato ina anwani yako ya zamani. Sahihisha anwani nambari ijirekebishe. Mwajiri hawezi kuibadilisha kwa ombi lako.

Mwaka wa kwanza, 2019, baadhi ya waajiri waliingiza S badala ya C kwenye programu ya mishahara. S ni ya Uskoti. Watu wa Wales wakakatwa kwa madaraja ya Uskoti. Herufi moja tu. Kwa mfukoni mwako wakati viwango ni sawa na vya Uingereza kukosa C hakukuumizi, lakini kwa bajeti ya Wales kunauma: asiye na C hahesabiwi kwao.

---

Kasuku_Mbishi

Mizani, umejenga vizuri lakini naona unamtetea mno. Mapema 2023 wauguzi wanagoma, Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, wakasema bungeni waziwazi: pandisha kodi ya mapato tuwalipe. Drakeford akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mzigo wa kodi tayari ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote ndani ya miaka 70, na watu wanahangaika na bili za umeme. Hiyo si hoja ya mtambo. Ni uamuzi wa kisiasa.

Tena chama chake, Labour, kilishajifunga. Ilani ya 2016 iliahidi kutopandisha hadi uchaguzi uliofuata. Ya 2021 ikasema hapana mpaka athari za kiuchumi za korona zipite. Ukijifunga mwenyewe halafu ukasema kamba ni ya London, mh!

---

Mizani_ya_Hazina

Hapo umenipata, na sitapinda. Ahadi za ilani ni zake. Nasisitiza tu kwamba mtambo ndio ulioifanya ahadi iwe rahisi kutoa. Angekuwa na uwezo wa kuweka daraja la kati kuanzia, tuseme, pauni 40,000, sijui kama angeitoa.

Kuna na mpaka. Karibu nusu ya watu wa Wales wanaishi ndani ya maili 25 kutoka mpaka wa Uingereza. Muuguzi hatahama kwa pauni 174. Daktari bingwa wa daraja la tatu anaweza, na akihama haondoki na ile peni 1 ya nyongeza peke yake, anaondoka na peni 11 zote. Wachache hao wakiondoka wanatosha kufuta faida yote ya kitufe cha tatu.

Jambo jingine wengi hawalijui. Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha wa London, alipotangaza Septemba 2022 kwamba anafuta kiwango cha 45 na kushusha cha 20 hadi 19, Wales ingefuata moja kwa moja bila Senedd kupiga kura, kwa sababu sehemu ya London ndiyo inayopungua na ile 10 ya Cardiff inabaki palepale. Kama Cardiff wangetaka wakazi wao wabaki kwenye 20, wangelazimika wao wenyewe kupandisha hadi 11, na lawama ya "kupandisha kodi" ikawa yao. Mpango ule ulikufa kabla ya kufika, lakini mtego umeonekana.

---

FundiBomba

Naomba niwarudishe kwenye kodi ambazo Senedd inazitawala nzima, kwa sababu hapo ndipo unaona huyu mtu angefanya nini akiachiwa uwanja.

Kodi ya miamala ya ardhi. Sheria yake ya 2017 aliipeleka yeye bungeni, ikaanza kazi Aprili 2018 kuchukua nafasi ya kodi ya stempu ya London. Hapa madaraja na viwango vyote ni vya Wales. Kwa mnunuzi wa nyumba ya kuishi, tangu Oktoba 2022:

hadi pauni 225,000, sifuri
225,000 hadi 400,000, asilimia 6
400,000 hadi 750,000, asilimia 7.5
750,000 hadi milioni 1.5, asilimia 10
zaidi ya hapo, asilimia 12

Linganisha na viwango vya Uingereza tangu Aprili 2025. Nyumba ya 250,000: Wales pauni 1,500, Uingereza 2,500. Nyumba ya 300,000: Wales 4,500, Uingereza 5,000. Nyumba ya 600,000: Wales 25,500, Uingereza 20,000. Unaona mteremko ulivyo? Wa chini kapunguziwa, wa juu kaongezewa. Hii ndiyo lugha ya Drakeford ikiandikwa kwa namba.

Anayeumia ni mnunuzi wa mara ya kwanza. Uingereza ana msamaha hadi 300,000. Wales hakuna msamaha huo. Hoja ya Drakeford ilikuwa kwamba nyumba nyingi wanazonunua wa mara ya kwanza Wales ziko chini ya kiwango cha sifuri, kwa hiyo punguza kwa wote wa chini badala ya kuuliza nani ni mara yake ya ngapi. Mwaka 2017 alianza na kizingiti cha 150,000. London ilipotangaza msamaha wake Novemba, Desemba akakipandisha hadi 180,000. Yaani alijibu kwa njia yake, ila alijibu.

---

Tofali

Na nyumba ya pili?

---

FundiBomba

Hapo inakaza. Tangu 11 Desemba 2024 mwenye nyumba nyingine analipa asilimia 5 hadi 180,000, kisha 8.5 hadi 250,000, 10 hadi 400,000, 12.5 hadi 750,000, 15 hadi milioni 1.5, na 17 juu ya hapo. Hakuna sifuri hapo.

Nyumba ya 300,000: 9,000 + 5,950 + 5,000 = pauni 19,950. Yule wa nyumba moja alilipa 4,500.

Kinachowakwaza watu: umenunua mpya kabla ya kuuza ya zamani. Siku ya kukamilisha una mbili, unalipa viwango vya juu. Ukiuza ya zamani, iliyokuwa makazi yako makuu, ndani ya miaka 3, unaomba kurudishiwa tofauti. Haiji yenyewe, lazima uombe. Ritani inapelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Wales ndani ya siku 30 baada ya kukamilisha, na kwa kawaida wakili ndiye huipeleka, ila mwenye deni ni mnunuzi. Wakili akichelewa, adhabu ina jina lako.

Pacha wake ni kodi ya dampo. Mwaka 2025-26 tani moja ya taka za kawaida ilitozwa pauni 126.15, sawa kabisa na Uingereza. Ni makusudi: ukipandisha, malori yanavuka mpaka; ukishusha, taka za Uingereza zinakuja kwako. Lakini sheria ya 2017 iliweka pia kiwango cha taka zilizotupwa pasipo kibali, pauni 189.25 kwa tani, mara moja na nusu ya kile cha kawaida. Dampo la wizi likigunduliwa, kodi yake ni kubwa kuliko ya halali.

---

BiKarani

Na zile kodi mpya nne? Oktoba 2017 aliwaambia wabunge anapima mawazo manne: ardhi iliyokaa bure, tozo ya matunzo ya wazee, plastiki za kutupwa, na wageni wanaolala. Sheria ya Wales ya 2014 inaruhusu kodi mpya, lakini lazima Bunge la London na Senedd wote wakubali.

Akachagua ardhi iliyokaa bure iwe ya kujaribia njia. Wazo: kiwanja kina kibali cha kujenga, mwenyewe kakikalia akisubiri bei ipande, mtoze. Ombi rasmi la mamlaka hayo likaenda London 2020. Likazunguka kwenye maswali juu ya maswali, na mamlaka hayakutoka. Drakeford amelirejea hilo mara nyingi kama ushahidi kwamba mlango upo kwenye karatasi tu.

Tozo ya wageni ikapita kwa sababu haikuhitaji ruhusa ya London. Ilijengwa kama kodi ya mitaa, na kodi za mitaa Senedd inazimiliki. Ujanja wa kisheria safi kabisa, kwa maoni yangu ndio somo kubwa la miaka hiyo yote.

---

NgaziTatu

Muswada wa tozo aliubeba mwenyewe. Ukapita 8 Julai 2025, ukawa sheria Septemba. Hautozwi kabla ya 2027, na kila halmashauri kati ya 22 inaamua yenyewe kama inautaka.

Viwango: pauni 1.30 kwa mtu kwa usiku hotelini, nyumba ya wageni au nyumba ya likizo. Peni 75 kwa kitanda cha chumba cha pamoja hosteli na kwa eneo la hema, na hapo kwenye peni 75 walio chini ya miaka 18 hawalipi. Anayekaa zaidi ya siku 31 mfululizo kwa nafasi moja aliyokodi hatozwi.

Familia ya wazazi wawili na watoto wawili, siku saba, nyumba ya likizo: 4 × 7 × 1.30 = pauni 36.40. Familia hiyohiyo kwenye mahema: 2 × 7 × 0.75 = pauni 10.50.

Muswada ulipoingia kiwango cha juu kilikuwa 1.25. Peni 5 ziliongezwa kwenye kamati ili kufidia msamaha wa watoto mahemani. Nimeupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha alivyokuwa akijadili: ukitaka msamaha, niambie nani atalipa badala yake. Msamaha ulitolewa na bei yake ikaandikwa palepale.

Jicho liwe hapa: anayedaiwa kisheria ni mwenye malazi, mgeni hadaiwi. Kwa hiyo tozo ikiongezwa kwenye bili inakuwa sehemu ya bei, na mwenye malazi aliyesajiliwa kwa VAT anaitoza VAT asilimia 20 juu yake. Pauni 1.30 inamfikia mgeni ikiwa 1.56. London inapata peni 26 kwa kazi ya Cardiff.

---

Kasuku_Mbishi

Na yote hayo kwa kiasi gani? Serikali yenyewe ilikadiria hadi pauni milioni 33 kwa mwaka, tena nchi nzima ikijiunga. Peni moja ya daraja la kwanza inaleta zaidi ya mara sita ya hiyo. Bajeti ya 2025-26 ilikuwa kama bilioni 26 na karibu nusu ikaliwa na afya. Miaka minane ya mjadala, milioni 33.

---

Mizani_ya_Hazina

Kweli, kwa bajeti ya taifa ni tone. Kwa halmashauri ya Gwynedd inayozoa taka za watalii kila kiangazi, fedha zinazobaki kwao kwa kazi hiyo si tone. Lakini ukisema kwamba nguvu nyingi zilikwenda kwenye kodi ndogo, sitabisha. Kodi kubwa aliyokuwa nayo mkononi na ikamponyoka ni ya halmashauri.

---

BiKarani

Asante kwa kuifikia, nilikuwa naisubiri.

Kodi ya makazi ya halmashauri Wales ina madaraja tisa, A hadi I, kwa bei za nyumba za Aprili 2003. Uingereza bado wako kwenye bei za 1991, kwa hiyo Wales tayari walikuwa mbele. Daraja A ni nyumba hadi pauni 44,000 za 2003. I ni zaidi ya 424,000. Bei zinatofautiana karibu mara kumi. Kodi je? A inalipa 6/9 ya D, I inalipa 21/9. Mara tatu na nusu tu. Mwenye kibanda anabeba mzigo mzito kuliko mwenye kasri, ukipima kwa thamani ya nyumba.

Serikali ya Drakeford pamoja na Plaid walikubaliana kurekebisha hili. Novemba 2023 wakaweka njia tatu mezani: kubadili thamani tu, kubadili thamani na uwiano, au kupanua hadi madaraja 12. Lengo lilikuwa 2025. Drakeford akang'atuka Machi 2024, na Mei serikali iliyofuata ikasogeza hadi 2028. Sheria ya 2024 imebakiza mzunguko wa kuthamini upya kila miaka 5, lakini uwiano wenyewe ukabaki kiporo.

Kwa nini iliponyoka? Kwa sababu kuthamini upya hakuongezi jumla, kunahamisha. Anayepunguziwa pauni 100 hanyanyui simu kwa mbunge. Anayeongezewa 300 anapiga kila siku.

Kilichopita ni nyongeza kwa nyumba za pili na zilizokaa tupu: tangu Aprili 2023 halmashauri inaweza kuongeza hadi asilimia 300. Na kwa kanuni ya 2023 nyumba ya likizo ikitaka kuhesabiwa kama biashara ilibidi iwe wazi kupangishwa siku 252 kwa mwaka na ipangishwe kweli siku 182. Ikipangishwa 181, ilirudi kodi ya makazi, na nyongeza juu yake. Wenye nyumba wengi walikwama hapo, siku moja tu.

---

Tofali

Tukija kwenye huduma zenyewe. Michango ya bima ya taifa ya waajiri ilipopanda Aprili 2025, Wales ilifidiwa?

---

FundiBomba

Nusunusu. Chukua mfanyakazi wa pauni 30,000. Zamani mwajiri alilipa 13.8% juu ya 9,100: pauni 2,884.20. Sasa 15% juu ya 5,000: pauni 3,750. Nyongeza 865.80 kwa kichwa. Zidisha kwa wauguzi, walimu na wazoa taka wote.

Cardiff walihesabu kwamba sekta ya umma ya Wales inahitaji milioni 257. Hazina ikatoa 185. Pengo milioni 72. Sababu ni kanuni ya Barnett, inayogawa kwa idadi ya watu; kodi hii inafuata idadi ya wafanyakazi wa umma, na Wales inao wengi zaidi kwa kila watu mia. Drakeford aliibishia London hoja hiyohiyo, tena London ya chama chake mwenyewe. Hakusikilizwa. Akachota milioni 36 kwenye akiba kuziba nusu ya pengo, nusu ya pili wakaibeba halmashauri na bodi za afya zenyewe. Ukijumlisha, walifidiwa kama asilimia 86.

Akiba nayo ilikuwa na kifuniko: makubaliano ya 2016 yaliweka jumla ya milioni 350, na kuchota kwa mwaka kusizidi milioni 125 za matumizi ya kawaida na 50 za maendeleo. Uskoti waliunganishiwa vifuniko vyao na mfumuko wa bei mwaka 2023. Pauni milioni 350 leo hazinunui zilichonunua 2016, na hilo Wales wamelisema kila mwaka.

---

BiKarani

Kwa haki, Barnett yenyewe Drakeford aliilegeza 2016. Tume ya Holtham, iliyochunguza fedha za Wales, ilisema 2010 kwamba mahitaji ya Wales ni kati ya pauni 114 na 117 kwa kila 100 za Uingereza. Makubaliano yakaweka sakafu ya 115, na hadi tufike hapo kila nyongeza inazidishwa kwa 1.05. Uingereza ikiongeza bilioni 1 kwa afya, fungu la Wales kwa watu ni kama milioni 55. Kwa makubaliano inakuwa karibu 58. Milioni 3 kwa kila bilioni, kila mwaka, bila kumtoza mtu. Hiyo nayo ni kodi aliyoiepuka.

---

Kasuku_Mbishi

Nalikubali la 1.05. Na Machi 2025 bajeti ilipita kwa kura 29 dhidi ya 28, Jane Dodds wa Liberal Democrat akajizuia baada ya kupata yake: nauli ya pauni 1 kwa vijana kwenye mabasi, na fedha za malezi ya watoto. Ingekwama je?

---

NgaziTatu

Ingekwama, sheria inatoa asilimia 75 ya fedha za mwaka uliopita kwanza. Ikifika mwisho wa Julai bado haijapita, inapanda hadi 95. Hakuna kufunga hospitali siku hiyohiyo, lakini pauni bilioni 1.5 za nyongeza zingebaki zimefungiwa, na halmashauri zilishatuma bili za kodi Machi kwa kutegemea fungu hilo.

Ila kura ambayo watu hawaitazami ni nyingine: azimio la viwango vya kodi ya mapato. Linapigiwa kura kila mwaka, peke yake, na lazima lipite kabla ya mwaka mpya wa kodi kuanza tarehe 6 Aprili. Ile 10 haijirithi kutoka mwaka jana. Kwa hiyo ukifuatilia bajeti ijayo, kwenye ratiba ya bunge tafuta kwanza azimio hilo, halafu jedwali la masahihisho ya kodi ya mapato. Kwa mfano, ya 2023-24, yaliyojulikana Julai 2025, ni ya bajeti ya 2026-27.